Kwa Nini Fundi Pindo Hakuja Redioni

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Mimi sijambo kidogo tu. Jana nilishinda msibani, na sauti yangu leo mtaivumilia. Mwenye chai na aipooze taratibu, mwenye kazi ya mikono na aendelee nayo, maana huyu tunayemkumbuka hakupenda kabisa kuona mtu amekaa bure.

Tunamkumbuka Fundi Pindo. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: tunamkumbuka Fundi Pindo, mshona nguo, aliyefariki wiki iliyopita kwa maradhi ya moyo. Ameacha mume, ambaye kazi yake ni kupaka nyumba rangi. Ameacha binti mmoja. Na amemwacha mama yake mzazi, yule Bibi aliyemfundisha kushika sindano. Mtoto katangulia, mama kabaki. Jamani, hilo nalo tuseme nini?

Jina la Pindo alipewa na wateja. Sketi ya shule aliyoishona yeye ilichanika kila mahali ila pindoni. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, dirisha likitazama barabara, na ndani mlikuwa na cherehani mbili zilizoelekeana, moja ya Bibi na moja yake. Mama na binti walishona uso kwa uso miaka yote, wakigombania mkasi mmoja.

“Mkasi wa nguo haukati kitu kingine!” Bibi anafoka.

“Na pakiti ya unga jana aliikata nani, Mama? Panya?”

Ndivyo walivyoishi. Na juu ya rafu, kati ya mabunda ya vitambaa, palikuwa na redio. Redio ya Bibi. Ilikuwa haizimwi. Akila inasema, akisali inasema kwa sauti ya chini, akisinzia inasema, na ukijaribu kuizima anafumbua macho: “Nasikiliza.” Ikumbukeni redio hiyo, tutairudia.

Fundi alikuwa na mdomo, nyie. Mteja mmoja alimtajia kiuno chake kwa kujiamini kabisa, ili ashonewe gauni bila kupimwa. Fundi akamtazama toka juu hadi chini. “Dada yangu, kiuno hicho ulikiacha kwa wazazi wako siku ulipoolewa. Geuka nimpime huyu aliyekuja leo.” Na yule dada alicheka, akageuka, akapimwa. Watu walimpenda kwa sababu alikuwa akikuambia ukweli usoni. Ndiyo maana lile jambo moja alilolinyamazia lilimchosha kuliko kazi zote.

Sasa sikilizeni kitu kimoja kuhusu nyumba ile. Nyumba ya washonaji kila tatizo lina kitambaa chake. Umeungua? Kitambaa kibichi. Kichwa kinauma? Funga kitambaa. Mlango unagongagonga? Kunja kitambaa, chomeka chini. Bibi alilelewa hivyo, akalea hivyo.

Fundi alipopata mimba ya kwanza, alikata pamba laini nyeupe, akaikunja pindo pande zote nne, pindo nyembamba utadhani za leso. Kitambaa cha kumpokelea mtoto. Bibi akakifua, akakifua tena, hadi kikawa laini kabisa. Siku uchungu ulipoanza akakipiga pasi ya moto pande zote mbili, akakikunja, akakitia kwapani, wakaenda.

Kilikuwa kituo kidogo cha afya, chenye mkunga mmoja zamu ile. Mtoto alizaliwa, wa kike. Akalia, tena akalia vizuri. Mkunga ndiye aliyenyamaza.

Pembeni ya kitovu palikuwa na tundu, na utumbo ulikuwa nje.

Narudia, kwa sababu wengi hamjawahi kusikia. Mtoto alikuwa mzima, ana macho, ana vidole, ana sauti. Ukuta wa tumbo ndio haukufunga alipokuwa anaumbwa, na utumbo ukatokea nje. Madaktari wanasema hutokea. Si laana, si jicho la mtu, wala si kitu alichokula mama. Shangazi mmoja alikuja baadaye na maneno yake ya mkosi, na mume wa Fundi, yule mpaka rangi, mtu mpole, alimwonyesha mlango.

Mkunga alitoka mbio kwenda kutafuta gari. Hakuwa mzembe. Alikuwa peke yake, na simu ya kituo ilikuwa chumba kingine. Fundi alikuwa kitandani, hajaweza hata kuinuka. Aliyebaki amesimama ni Bibi, mbele ya mjukuu wake wa kwanza, na kitambaa kiko kwapani bado kina joto la pasi.

Mlitarajia afanye nini?

Alimfunga. Alimfunga vizuri, kwa mikono ya mtu aliyeshughulika na vitambaa maisha yake yote. Alizungusha kwa upole, hakuminya, akachomeka ncha isifunguke. Mkunga aliporudi alimkuta mtoto kaviringishwa, ametulia, na gari linanguruma nje. Wakapanda. Barabara ilikuwa ndefu na mbovu. Bibi alimpakata njia nzima akisema neno moja tu: “Hasikii baridi huyu. Hasikii baridi.”

Katika hospitali kubwa, wodi ya watoto wachanga, aliwapokea muuguzi ambaye yeye na Fundi baadaye walikuwa kama pete na kidole. Tumwite Sista, kama wodi nzima inavyomwita. Bibi aliambiwa asubiri nje, kwenye benchi la ukumbini. Fundi akaingizwa kwa kiti cha magurudumu.

Sista akakifungua kitambaa, na kitambaa kikakataa kutoka.

Pamba hunywa maji, wasikilizaji. Ndiyo kazi yake. Ilikuwa imeunywa unyevu wote wa ule utumbo, utumbo ukakauka, ukanata kwenye nyuzi. Sista akachukua maji ya chumvi ya vuguvugu, akawa anadondosha tone kwa tone, anabandua kidogo, anadondosha tena. Fundi akitazama. Aliziona pindo zake mwenyewe zikibanduliwa kutoka kwa mwanawe.

Sista akauliza bila kuinua kichwa, kwa uchovu tu, “Nani kamfunga kitambaa?”

Fundi akajibu, “Mimi.”

Alidanganya. Mtu aliyejifungua siku ileile, hajanywa hata uji, akaona papo hapo neno lile litamwangukia nani, akaliwahi. Mpaka leo Sista akisimulia anatikisa kichwa. “Nilijua si yeye. Mikono yake ilikuwa haiwezi hata kushika kikombe. Nikamwambia, haya, mama, siku nyingine ni mfuko safi wa plastiki, si kitambaa. Akanishika mkono. Akaniambia, mama yangu aliye nje asiambiwe kamwe.”

Yule mtoto aliwekewa mfuko maalumu. Utumbo unatiwa ndani ya mfuko mwangavu, mfuko unaning'inizwa juu ya tumbo, na kila siku unashushwa kidogo ili utumbo urudi ndani wenyewe, polepole, kwani hausukumwi. Fundi alikaa pale akiutazama mfuko ule ukishuka. Ulishuka vizuri siku za mwanzo. Kisha mtoto akapata homa, na asubuhi moja akaondoka.

Na hapa niseme haki. Daktari alimwambia Fundi: huenda hata bila kitambaa asingepona. Safari ilikuwa ndefu, alipoteza maji, alipata wadudu. Huenda. Neno hilo “huenda” lilimtesa Fundi kuliko kama lingekuwa “ndiyo” au “siyo”.

Walizika. Na siku hiyo ya kuzika, wanawake walipomzunguka Bibi wakimpa pole, Bibi akasema maneno ambayo Fundi hakuyasahau: “Basi tu. Angalau nilimfunga vizuri. Mjukuu wangu alisafiri na joto.”

Hiyo ndiyo ilikuwa faraja yake, ya pekee. Aliirudia mwaka hadi mwaka, kwa wateja, kwa majirani, na hata alipozaliwa mjukuu wa pili, huyu binti aliye hai, alimwambia akiwa mdogo: “Dada yako nilimfunga vizuri.” Na upande wa pili wa chumba, cherehani ya Fundi ilikuwa inasimama kidogo, kisha inaendelea.

Mngekuwa nyinyi mngemwambia?

Fundi hakumwambia. Lakini hakukaa kimya pia, maana si mtu wa kukaa. Alirudi kwa Sista. Akaanza kuzunguka vituo vya afya, kimoja baada ya kingine, vya mbali na kwao. Alibeba begi lenye mifuko safi ya plastiki, ile myepesi inayoonyesha ndani, na mwanasesere wa matambara aliyemshona mwenyewe, mwenye tundu tumboni na utumbo wa kamba laini. Aliwaonyesha wakunga na mama wajawazito. Mtoto anatumbukizwa kwenye mfuko miguu kwanza, hadi juu ya tumbo, mpaka kwapani. Analazwa ubavu. Anafunikwa kwa nje apate joto. Hanyonyeshwi kwanza. Utumbo hauguswi wala haurudishwi kwa mkono. Hospitali, mbio.

“Na kitambaa?” anauliza mtu, kila mara.

“Kitambaa juu ya mfuko, sawa. Kitambaa juu ya utumbo, hapana.”

“Wewe umejuaje, Fundi?”

“Mimi ni mtu wa vitambaa. Najua vinavyokunywa.”

Hakusema zaidi ya hapo. Binti yake aliniambia jana, katikati ya machozi akicheka: “Nyumbani Mama alikuwa anaaga kwamba anakwenda kununua uzi. Tulikuwa na uzi wa kuishonea nchi nzima na chenji ikabaki.”

Lakini miguu ya mtu mmoja itafika wapi? Watoto waliendelea kuletwa wodini wamefungwa vitambaa. Vya pamba, vya sufu, taulo, shuka, mara nyingine gauni zuri kabisa la bibi yao. Sista alichoka. Akamwambia Fundi, “Nenda redioni. Ukisimulia lako wewe mwenyewe, kwa mdomo wako huo, nchi nzima itasikia kwa saa moja.”

Nasi hapa studio tulimwita. Tulimwita, akakataa. Tukamwita tena, akasema ana sare za shule za kumaliza. Baadhi yetu tukasema anaringa. Tukamleta daktari badala yake, akaeleza kwa maneno marefu ya kweli tupu. Watu wakangoja amalize, muziki uliporudi wakaongeza sauti. Msinikatalie, nawajua.

Sista alikasirika siku hiyo. Walikuwa wamekaa kwenye lile benchi la ukumbini. “Fundi, nimechoka kudondosha maji kwenye vitambaa. Nimechoka! Unangoja nini?”

“Mama yangu anasikiliza redio.”

“Mwambie mapema basi, kabla hajasikia.”

“Nimwambie nini? Kwamba kitu kimoja alichobaki nacho ndicho...” Hakumalizia. Akalia, yeye ambaye hakulia ovyo. “Mwenzangu, wewe una mama?”

Kila mmoja alikuwa na haki. Upande mmoja watoto wa watu wasiojulikana. Upande wa pili mama mmoja na redio yake.

Kisha, miaka kadhaa iliyopita, Fundi alikuja. Alivaa gauni lake la bluu, akakaa hapa nilipoweka kiwiko changu sasa. Alikuwa ameamua. Taa nyekundu ikawaka. Nikamkaribisha, tukataniana kidogo, nikamuuliza: “Fundi, ni nini hasa kilichokupeleka kwenye wodi ya watoto wachanga mara ya kwanza?”

Akafungua mdomo. Akafumba. Kwenye redio ukimya mfupi ni mrefu sana. Kisha akaanza kuzungumzia pindo. Namna ya kukunja pindo ya sketi isifumuke. Aliieleza vizuri, hata simu zilipigwa za kumsifu. Alipotoka nilimwona amesimama nje kwenye ukuta, begi lake chini, uso kwenye mikono.

Hakurudi tena hapa. Aliendelea na miguu yake, kituo hadi kituo, mpaka moyo ulipokataa. Alifariki asubuhi, mumewe akiwa pembeni. Mpaka rangi aliniambia neno la mwisho aliloambiwa na mkewe ni la kazi: “Mifuko iliyobaki mpelekeeni Sista.” Basi.

Sasa nifike jana. Nilikwenda kutoa pole. Bibi nilimkuta chumba cha mbele, amekaa kwenye cherehani yake, anatazamana na ile nyingine isiyo na mtu. Redio ilikuwa inasema kwa sauti ya chini. Nikamwamkia.

“Shikamoo, Bibi. Pole sana.”

“Marahaba. Wewe ndiye wa kwenye redio. Nimekujua kwa sauti. Kaa.”

Nikakaa kwenye kigoda.

“Mwanangu alikuja kwako akakuambia habari za pindo.”

“Ndiyo, Bibi.”

“Nilikuwa nasikiliza. Ulimuuliza swali akanyamaza. Mtu niliyemzaa mimi, nikamfundisha maneno, nisijue anavyonyamaza? Nikasema, huyu kuna kitu anakifunika. Kesho yake nilikwenda kituo cha afya, si cha hapa, cha mbali, huko alikokuwa ananunua uzi. Nikamuuliza mkunga, Fundi huwa anawafundisha nini? Akaniambia. Akanionyesha kwa mikono. Kitambaa hapana, mama, kitambaa kinakausha.”

Akanyoosha kitambaa kilichokuwa mapajani mwake, kisicho na mkunjo wowote.

“Nilikaa chini pale pale, sakafuni. Mkunga akadhani nimeshikwa na kizunguzungu, akaniletea maji.”

“Ukamwambia Fundi kwamba umejua?”

“Nimwambie nini? Alikuwa amenibeba miaka yote ile. Nishuke mgongoni nimwambie, ulinibeba bure? Nikaendelea kusema maneno yangu yale yale, nilimfunga vizuri, nilimfunga vizuri, ili asijue kwamba najua. Yeye ananificha, mimi namficha. Tumekaa hapa, uso kwa uso, cherehani na cherehani.” Akanitazama. “Tulipendana sisi wawili, mwanangu. Waliolipia ni watoto wa wenzetu.”

Mimi nina kazi ya kusema. Jana nilisogeza kigoda karibu naye, nikasikiliza.

Kisha Bibi akaniuliza kama nina kile kinasa sauti changu. Nikamwambia ninacho. Akasema, “Washa.” Mkwe wake, mpaka rangi, akasogea mlangoni, akasema, “Mama, si lazima.” Akamjibu, “Ni lazima. Mwanangu amekufa na neno mdomoni. Mimi sitakufa nalo.”

Nilitaka kuwachezea sauti yake leo. Nimeisikiliza tangu asubuhi, na pale mwisho inakatika, maneno hayasikiki vizuri. Kwa hiyo niwasomee, neno kwa neno, kama alivyosema mbele yangu:

“Mimi ni bibi. Mjukuu wangu alizaliwa utumbo uko nje. Nilimfunga kwa kitambaa cha pamba, safi, cha pasi. Nilimfunga kwa mapenzi, na nilikosea. Kitambaa kilinata. Ewe bibi mwenzangu, ewe mama, likikufika, usifunge kitambaa. Mtie mtoto kwenye mfuko safi wa plastiki, mpaka kwapani. Mfunike kwa nje. Mlaze ubavu. Usimpe maziwa. Usiguse utumbo. Mkimbize hospitali kubwa. Wapo wanaopona, mwanangu aliwaona kwa macho yake. Haya ni maneno ya Fundi Pindo. Alikuwa hawezi kuyasema kwa sababu yangu, basi nayasema mimi.”

Wasikilizaji wapendwa, hayo ndiyo maneno. Narudia yaliyo muhimu, aliye na sikio ayabebe. Mfuko safi, si kitambaa. Joto kwa nje. Ubavu. Hospitali, mbio. Mwambie mkunga wako, mwambie mkweo, mwambie hata huyo shangazi mwenye maneno ya mkosi.

Kwa mpaka rangi, mume mwema, studio hii inakupa pole. Kwa binti, pole mwanetu. Cherehani ya mama yako usiiache ishike kutu. Kwa Sista na wenzake wa wodini, poleni na kuchoka, mikono yenu tunaihitaji bado. Fundi Pindo, mwendo umeumaliza, pumzika.

Na wewe unayenisikiliza, jiulize kitu kimoja utakapokuwa umenyamaza. Nyumbani kwenu kuna neno ambalo wote mnalijua na wote mnalifichana kwa kupendana? Kama lipo, tazama nje ya mlango wenu, kuna nani anayelihitaji.

Bibi, najua unasikiliza. Uliniagiza jana nikiwa naaga, ukaniambia nisikuonee huruma, neno lako nilitoe lote hewani. Nimelisoma lote, Bibi, na nchi imesikia. Redio yako haijapata kuzimwa miaka yote hii. Leo, ukipenda, izime upumzike.